Vile vitundu vimeenda wapi?

Jumapili jioni, jikoni kwa mama, Maji ya Chai. Mama ana ungo mapajani anachagua maharage ya kesho, mimi nina kompyuta mezani, kati ya birika na bakuli la chumvi. Nimefungua picha mbili kwa pamoja, moja kushoto, nyingine kulia. Zote ni za kitu kimoja: punje ya mkaa wa mifupa iliyochongwa mpaka ikabaki na unene wa unywele, ikapigwa eksirei kutoka kila pembe, kisha kompyuta ikaijenga upya ili tuione mpaka tumboni.

Ya kushoto imejaa chenga, kama televisheni ya chogo upepo ukishageuza antena. Ya kulia ni safi. Kijivu chake laini, kingo zimetulia, unaweza kuibandika ukutani.

Nilikuwa nasubiri asifie ya kulia.

"Hii nzuri," akasema, akarudi kwenye ungo wake. Baada ya muda akainua macho tena. Akaweka ungo chini, akasogea, kidole kikagusa kioo. "Lakini mwanangu, vile vitundu vya kule vimeenda wapi huku?"

Nikamwambia vile si vitundu, mama, ni chenga tu.

"Chenga zinajipanga mstari?"

Sikuwa na jibu. Zimepita wiki saba tangu jioni ile, na makala hii nimeianza mara tatu nikaifuta.

## Kilichokuwa kinaisubiri picha ile

Wengi mnaosoma hapa mnatoka kuzunguka Mlima Meru, kwa hiyo meno ya kahawia sina haja ya kuyaeleza. Yangu ni hayohayo, kazi ya floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa. Mnajua pia kwamba floraidi haina rangi wala ladha, na kwamba kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, na maji yanayobaki yanakuwa nayo kali zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vyetu vingi viko juu ya hapo.

Mkaa wa mifupa ni kinga tunayoweza kuitengeneza wenyewe, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi. Mfupa wa ng'ombe unachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, unasagwa, unajazwa kwenye ndoo ya kuchujia. Madini ya mfupa, yaani apatiti, hufanya mabadilishano na maji: yanaikamata floraidi na kuachia kingine nafasi yake. Moto ukipungua, maji yanatoka na harufu. Moto ukizidi, mfupa unakuwa mweupe kama chaki na nguvu yake inapotea, kwa sababu kuta za ndani zinashikana na kuziba.

Swali letu lilikuwa dogo kwa maneno. Punje ya milimita moja, je, inafanya kazi yote mpaka katikati, au ni ganda la nje tu?

Mfupa ulipokuwa hai ulikuwa na vyumba vya seli, na kila chumba kiliunganishwa na jirani zake kwa vifereji vyenye upana wa nanomita 300 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Anayeijua mifereji ya mlimani, ile inayoshuka katikati ya migomba na kugawanyika kila shamba, akitazama mfupa kwa ukubwa huo ataona kama yuko nyumbani. Vifereji vikibaki wazi baada ya moto, maji yanaingia ndani ya punje. Vikiziba, hatuna budi kusaga punje ndogo zaidi ili tuongeze uso wa nje. Ila punje ndogo zinachelewesha maji, na ndoo inaziba mapema. Mama mwenye watoto wanne hatakaa kuingoja ndoo inayotoa tone moja moja. Atarudi kwenye maji ya zamani, na mimi sitakuwepo kumzuia.

Picha safi ilisema vifereji vimeziba. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua kwa fundi wetu wa tanuru: tusage zaidi.

## Saa 15 kwa punje moja

Siti skani ya hospitali inatenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu milimita hivi. Mashine iliyopiga punje yetu, katika maabara moja ya Ulaya iliyokubali kutusaidia, kila pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni nanomita 64. Ni ndogo karibu mara 8,000. Kanuni ni ileile: unazungusha kitu, unapiga picha bapa kila pembe, halafu hesabu inazikusanya zote na kukurudishia umbo zima, unalikata mikato upendavyo bila kugusa kisu. Godfrey Hounsfield, mbunifu wa siti skani, alipojaribu kifaa chake cha kwanza maabara, kupima kitu kimoja kulimchukua siku 9. Mwenzake waliyegawana Tuzo ya Nobeli mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, na swali la hesabu hiyo lilimwingia akiwa Cape Town, pale Hospitali ya Groote Schuur, mwaka 1956. Napenda kulikumbuka hilo kila ninapoambiwa mambo haya si ya huku kwetu.

Kwenye nanomita shida inabadilika. Lenzi ya kioo ya kawaida haiwezi kukusanya eksirei, kwa sababu zinapita humo bila kupinda kiasi cha kutosha. Lenzi ya mashine hii ni pete nyembamba za dhahabu, pete ndani ya pete, na upana wa pete ya mwisho kabisa ndio unaoamua utaona kidogo kiasi gani. Lenzi hiyo inapoteza eksirei nyingi kuliko inazopitisha. Kinachofika kwenye kipokezi ni kichache, inabidi ungoje.

Tulipiga picha 901, moja kila nyuzi 0.2, kuanzia 0 mpaka 180. Kila picha dakika moja. Saa 15.

## Mvua inapoanza kudondoka

Mtu akiniuliza chenga zinatoka wapi, nampeleka uani. Mvua inapoanza, matone machache ya mwanzo hayaangukii kila kigae sawasawa. Kigae kimoja kinapata matone matatu, cha pili hakipati, cha tatu kinapata moja. Wingu ni lilelile. Iache inyeshe robo saa, vigae vyote vitakuwa vimelowa sawa.

Eksirei zinafika hivyo hivyo, fotoni moja moja, yaani chembe moja moja za mwanga wake. Pikseli inayotarajia fotoni 100 itapata 90, au 108, au 97; kuyumba kwake ni kama 10, yaani asilimia 10. Ikitarajia 400, inayumba kwa 20, ambayo ni asilimia 5. Tazama vizuri hapo: fotoni zimeongezeka mara nne, chenga zimepungua nusu tu. Kupunguza chenga za punje yetu kwa nusu kungetaka saa 60 badala ya 15, na mashine ina foleni ya watu wa nchi tano. Ukitaka tena kuona kitu chenye ukubwa wa nusu ya hicho, kwa ubora uleule, dozi ya eksirei inapanda mara 16 hivi.

Ndiyo maana watu wanakimbilia sinkrotroni, zile pete kubwa zinazozungusha elektroni na kutoa eksirei kali mno. Ile ya Grenoble, Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844. Uswisi wametangaza mwaka 2024 kwamba wamefikia nanomita 4 kwenye chipu ya kompyuta. Jordan wanayo yao tangu 2017, Brazil wanayo, Australia wanayo. Afrika bado, ndilo bara pekee lenye watu ambalo halina. Nalisema kwa uchungu, na nitaendelea kulisema.

Sisi tulikuwa na saa 15 za mashine ya maabara. Chenga zilikuwa haki yetu.

## Picha iliyooshwa

Mwenzetu aliyesimamia upigaji ni mtu mwema. Aliona chenga, akatuonea huruma, akaipitisha kazi yetu kwenye programu ya akili mnemba inayosafisha picha. Programu hiyo ilifunzwa kwa maelfu ya mikato ya mawe ya mchanga. Mawe ya mchanga yana matundu makubwa kati ya punje na punje. Hayana vyumba vya seli. Hayana vifereji.

Programu ikikutana na nukta hafifu zilizofuatana, inafanya ilichofunzwa: inajiuliza kwa kila ilichowahi kuona, hapa pana uwezekano gani? Kwenye mawe, nukta hafifu ni chenga. Ikazifuta. Kisha ikalainisha pale zilipokuwa, ikajaza kijivu kinachofanana na jirani zake.

Haikuacha kovu.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Picha yenye chenga inakuonya kwamba haina uhakika, unaiona inavyotetemeka. Picha iliyooshwa ilizungumza sauti moja kila mahali, pale ilipoona na pale ilipokisia. Mimi mwenye shahada niliiamini. Mama aliyezoea kutofautisha harage zima na lililotobolewa na mdudu hakuiamini.

Nikaomba picha bapa zote 901, ghafi, kama zilivyotoka kwenye mashine. Zilikuwa GB 2 hivi. Nilizipakua usiku, kwa bando la usiku.

## Nusu kwa nusu

Kuna jaribio rahisi ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Unagawa picha bapa mafungu mawili: namba witiri huku, namba shufwa kule. Unajenga umbo kwa kila fungu peke yake, bila kulichungulia la pili. Chenga za fungu hili hazijuani na za fungu lile, kwa hiyo zitaanguka sehemu tofauti. Kitundu cha kweli kitakuwa palepale kwenye yote mawili.

Nilijenga nusu ya kwanza, nikaiacha. Nikajenga ya pili. Kila moja ilikuwa mbaya kuliko picha ya awali, maana fotoni zimegawanywa. Nikaenda kwenye mkato ule alioushika mama, nikaziweka juu kwa juu, nikawa nabonyeza kubadilisha: ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Chenga zilichemka kama uji. Katikati ya uji ule, mstari wa nukta saba haukutikisika.

Nilisimama. Nilizunguka chumba. Nikakaa tena.

Halafu shaka ikarudi kwa mlango mwingine. Nusu mbili zinakubaliana pia katika makosa ya mashine yenyewe. Pikseli ya kipokezi iliyoharibika inakuwepo kwenye picha zote, witiri na shufwa, na mashine inapozunguka inachora duara kwenye mkato. Kipande cha duara, ukikitazama karibu, ni mstari wa nukta. Je, mama ameniletea kifereji au kovu la kipokezi?

Maduara hayo yana kituo kimoja: mhimili ambao punje inazungukia. Nikatafuta mhimili, nikapima umbali wa kila nukta kutoka hapo. Zingekuwa za kipokezi, zote zingekuwa umbali uleule. Hazikuwa. Mstari wa mama ulianzia karibu na mhimili ukaelekea nje, ukakatiza maduara kama njia ya mguu inavyokatiza matuta.

Kilikuwa kifereji. Kimelala, kimekatikakatika, lakini kifereji.

## Mkate na tone la gundi

Kwa nini kilikatika? Vifereji vilivyosimama wima vilionekana vizuri hata kwenye chenga. Vilivyolala ndivyo vilivyofifia. Nilikaa na jambo hilo siku nne.

Picha ya nyuzi 0 na ya nyuzi 180 ni kitu kimoja kilichotazamwa mbele na nyuma. Ukigeuza moja kama kwenye kioo, inapaswa kulala juu ya nyingine. Kupishana kwa kulia au kushoto kunaweza kuwa mhimili tu, unarekebisha. Kupishana kwa juu na chini hakuna kisingizio hicho. Nikazilaza. Zilipishana pikseli 9, kwenda chini.

Pikseli 9 ni nanomita 576, karibu upana wa vifereji viwili. Kwa saa 15 punje yetu ilikuwa inazama polepole, na kila kilicholala kilipakwa kwenda chini kama wino mbichi uliofutwa na kiganja.

Kwanza nililaumu joto. Chuma cha sentimita 10 kikipanda nyuzi 1 tu kinarefuka nanomita 1,200 hivi, ndiyo maana vyumba vya mashine hizi vinalindwa jotoridi kama vyumba vya watoto njiti. Lakini mwenzetu alinitumia kumbukumbu za jotoridi la usiku ule, na zilikuwa zimetulia.

Ilikuwa gundi.

Punje ile niliichonga mimi, hapa Arusha, kwa wembe chini ya hadubini. Shikilia pumzi, kata, pumua. Nilipopata kipande kinachofaa nilikibandika kwenye ncha ya pini kwa tone la gundi, tone kubwa kuliko punje yenyewe, kwa sababu niliogopa kisidondoke safarini. Juu lilikuwa limekauka. Ndani halikuwa limekauka. Jambo zima la nanomita, safari ya ndege, foleni ya mashine, akili mnemba, vyote vilisimama juu ya tone ambalo sikulisubiri.

Kosa kama hilo linarekebishika kwa kiasi, na njia yake ni nzuri kiasi kwamba lazima niieleze. Chukua mkate mzima, uzungushe utakavyo mezani. Kiasi cha mkate kilicho kwenye usawa wa kidole chako hakibadiliki kwa kuuzungusha. Vivyo hivyo punje: ukijumlisha kivuli cha kila mstari wa mlalo kwenye picha bapa, jumla hiyo inapaswa kuwa ileile katika kila pembe, ilimradi punje yote imo ndani ya picha. Ikihama kwenda chini, ujue punje imezama, na imezama kiasi gani. Nikapima picha zote 901, nikairudisha kila moja juu kwa kiasi chake, nikajenga upya.

Chenga zilikuwa zilezile. Sikuongeza hata fotoni moja. Lakini nukta saba ziliungana.

## Alama za njano

Tumepiga mara ya pili mwezi uliopita. Gundi kidogo, imekaa siku nzima ikakauka. Punje ikakaa ndani ya mashine saa kadhaa kabla ya picha ya kwanza, ili ipoe na kutulia. Picha za mwanga mtupu, bila punje, zilipigwa tena na tena katikati ya kazi badala ya mwanzoni tu, kwa hiyo maduara yamepungua. Kati ya nyuzi 0 na 180 punje ilipishana pikseli 1.

Akili mnemba sijaikataa. Ipo namna ya kuifunza kwa nusu mbili za punje yako mwenyewe, ikajifunza kuondoa kile tu ambacho nusu hazikubaliani, na nimeitumia hivyo, mwishoni, baada ya kunyoosha kila kitu. Matokeo yake nayaweka pembeni ya picha yenye chenga. Siyatumi peke yake tena.

Barua ya kusaga zaidi sikuituma. Vifereji vingi viko wazi mpaka kwenye uso wa punje, katika mkaa wa kijivu. Katika ule uliochomwa kupita kiasi, vyumba vimebaki lakini njia zimepotea. Na pako mahali ambapo nusu mbili hazikubaliani: huku pana njia, kule hapana. Hapo nimepaka njano.

Juzi nilizichapisha stesheneri nikampelekea fundi kwenye tanuru. Yeye anaujua mkaa kwa rangi na kwa mlio wake ukiudondosha kwenye sinia. Alizitazama muda mrefu, akaweka kando ile laini, akabaki na yenye chenga.

"Hapa maji yanapita?" akauliza, kidole juu ya mfereji.

"Yanapita, Fundi."

"Na hapa kwenye njano, Injinia?"

"Hapo bado sijui."

Akachomoa sikioni kalamu yake ya kuandikia jotoridi, akaandika pembeni ya kila alama ya njano, kwa herufi kubwa, BADO. Kisha akaibandika juu ya daftari la tanuru, akaniuliza mfupa unaofuata nautaka wa nyuzi ngapi.